Tochi ndogo ya kuchaji kwa mwindaji: angalia nini kabla ya kulipa

«Papa, habari ya kazi. Mimi ninaishi hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Mjomba wangu ana kibali cha kuwinda, na tunaenda pamoja upande wa njia ya Kasenga kutafuta kanga, kwale na nsya, yule swala mdogo wa vichakani. Tunatoka kambini kabla ya kupambazuka na mara nyingi tunarudi giza limeshaingia. Mwaka jana nilinunua sokoni tochi ndogo ya kuchaji, imeandikwa lumeni 90,000 na batri ya 9900 mAh. Dakika kumi za kwanza inawaka vizuri, kisha inafifia. Jioni moja mjomba alipiga nsya, akakimbia na jeraha, tukafuata damu mpaka tochi ikazima. Hatukumpata. Sasa muuzaji mwingine ananionyesha tochi ya dola 60, ina kichwa kikubwa na kioo chekundu. Anasema mnyama haoni mwanga mwekundu, tena tukimmulika usiku kwa ule mweupe atasimama tu tumpige. Mimi nina dola 45. Ninataka tochi ya kuingia mfuko wa koti, yenye mwanga mkali, ya kuchajiwa na solo ao na chaja ya simu. Nichukue gani?»

Ndugu yangu, pole kwa huyo nsya. Mnyama kwenda kufia porini na jeraha, nyama ikaozea huko, ni jambo linalomuuma kila mwindaji mwenye heshima, na ninafurahi kwamba limekufanya uulize kabla ya kutoa pesa mara ya pili. Ninavyokuelewa, unataka kujua kwa nini tochi yenye namba kubwa hivyo ilikuacha njiani, kama kioo chekundu kinastahili kulipiwa, na dola zako 45 zinunue nini. Tuanze na namba, kwa sababu ndizo zilizokudanganya.

Lumeni inapima mwanga wote unaotoka kwenye tochi, wa katikati na wa pembeni, ukijumlishwa. Na hakuna lumeni ya bure, kila moja inakula umeme. LED, yaani kile kitaa kidogo kinachotoa mwanga ndani ya tochi, ikiwa nzuri ya siku hizi, ikisukumwa kwa nguvu ndani ya tochi ndogo, inatoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Sasa piga hesabu. Lumeni 90,000, hata kwa LED bora kabisa, zinadai wati 600, yaani karibu nusu ya nguvu ya pasi ya umeme ya nyumbani. Batri iliyo ndani ya tochi kama yako ni ile ya mviringo inayoitwa 18650, upana milimita 18, urefu milimita 65. Ikiwa mpya na ya kweli, inabeba nishati ya wati-saa 12 ao 13. Ukiikamua wati 600 ingekwisha kwa dakika moja na robo, na kabla haijaisha ungeshaitupa chini kwa moto wake. Tochi yako inawaka dakika kumi na mkono hauungui. Kwa hiyo mwanga wake wa kweli ni lumeni mia chache tu, na hizo elfu tisini ziko kwenye karatasi ya boksi peke yake.

Namba ya batri nayo, ile ya mAh inayoonyesha kiasi cha umeme inachobeba, ni hivyo hivyo. Hakuna 18650 yenye 9900 mAh, hapa wala kwingine. Nzuri zinakuwa na 3000 hadi 3600. Ile iliyonona zaidi, 21700, inabeba 4000 hadi 5000, na chache mpya zinafika 6000. Ukiona 18650 imeandikwa 8800, 9900 ao 12000, ujue aliyeandika namba hiyo hakupima kitu. Nimeshafungua kadhaa za namna hiyo kwenye meza yangu ya kazi. Ukitoa plastiki ya rangi na kukata bati, unakuta ndani kibatri kidogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe ili ganda lifikie saizi. Wewe usijaribu kuikata nyumbani, lithiamu inaweza kuwaka mkononi. Kuna njia nyepesi: ipime uzito. 18650 ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Ikiwa na 30 ao chini ya hapo, umeuziwa ganda. Mwenye mizani ndogo ya jikoni ao ya duka la dawa atakupimia, na ninakuomba uifanye hata kwa tochi uliyonayo, ili ujue kama inafaa kubadilishiwa batri tu badala ya kutupwa.

Sasa mwanga wenyewe. Kwa mtu wa porini, namba inayoonyesha utaona mbali kiasi gani ni kandela, nayo haiandikwi kwa maandishi makubwa. Kandela inapima ukali wa mwanga pale katikati ya mshale wake. Inategemea vitu viwili: udogo wa LED yenyewe, na upana na kina cha kile kikombe cha kung'aa kinachoizunguka. LED ndogo ndani ya kikombe kipana, kirefu na laini inapeleka mwanga mbali na mwembamba. LED kubwa ndani ya kichwa kidogo inamwaga mwanga mpana karibu na miguu yako. Ndiyo maana tochi mbili zote za lumeni 1,000 zinaweza kuwa moja na kandela 5,000 na nyingine 40,000. Lumeni ni zile zile, lakini porini ni tochi mbili tofauti kabisa.

Watengenezaji waaminifu wanafuata kipimo kinachoitwa ANSI FL1, kilichotoka Marekani mwaka 2009. Kinasema umbali wa tochi ni pale ambapo mwanga wake umepungua mpaka luksi 0.25 (luksi inapima mwanga unaofika mahali), karibu sawa na mbalamwezi. Ukijua kandela, tafuta kipeuo chake cha pili kisha zidisha mara mbili: kandela 10,000 zinatoa 100, mara mbili ni mita 200. Kandela 40,000 zinatoa mita 400. Umeona? Ili umbali uongezeke mara mbili, ukali umeongezeka mara nne. Lakini mbalamwezi haikuonyeshi kama kilichosimama pale ni nsya ao mbwa wa kijiji. Kwa macho ya kazi, chukua nusu ya umbali ulioandikwa, hata theluthi moja kama kuna moshi ao ukungu. Tochi ya mita 200 ni tochi ya mita 70 hadi 100.

Na hizo zinakutosha. Fikiria mahali unapotembea. Miombo si jangwa; kati ya miti, vichaka na nyasi ndefu, ni mara chache jicho linapita mita 50 ao 60 bila kuzuiwa. Tochi ya kutupa mwanga mita 800 utaimulika kwenye shina la kwanza, nalo litakurudishia mwanga machoni, mboni zitajifunga, na nyuma ya shina hutaona kitu. Mwezi wa saba na wa nane, watu wakichoma majani na moshi umelala bondeni, inakuwa mbaya zaidi: unaona ukuta mweupe mbele yako. Kwa pori lako ningetafuta kandela 10,000 hadi 20,000 na lumeni 800 hadi 1,200 katika ngazi ya juu. Zaidi ya hapo unalipia nguvu ambayo miti inakuzuia kuitumia, na unabeba kichwa kisichoingia mfukoni.

Kama muuzaji hajui kandela, pima mwenyewe. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazosoma luksi. Ingia kwenye korido ya giza, weka simu mita 5 kutoka kwenye tochi, elekeza katikati ya mwanga juu ya kihisi, soma namba na uizidishe kwa 25. Luksi 800 ni kandela 20,000. Simu si chombo cha maabara, inakosea kidogo huku na huku, lakini ukilinganisha tochi mbili kwa simu ile ile, mahali pale pale, itakuambia ukweli kuliko boksi. Kisha acha tochi iwake dakika kumi na tano na upime tena. Hapo ndipo utajua tabia yake.

Hizo dakika kumi na tano ninazisisitiza kwa sababu ya kilichokupata jioni ile. Tochi yako haina chombo cha kudhibiti umeme. Batri imeunganishwa karibu moja kwa moja na LED. Ikiwa imejaa, batri ya lithiamu ina volti 4.2, na kila inavyoshuka, mwanga unashuka nayo. Tochi yenye udhibiti inashikilia ngazi ile ile mpaka karibu na mwisho. Hata hiyo, ngazi ya juu kabisa, ile wanayoita turbo, haidumu kwenye tochi yoyote ndogo. Wati 10 ndani ya bomba linaloingia mfukoni zinaleta moto, na tochi iliyotengenezwa vizuri inajishusha yenyewe baada ya dakika chache ili isiunguze LED na batri. Usiogope ukiiona inashuka kutoka 1,000 hadi 400 na kubaki hapo. Hiyo ni kinga. Tochi mbaya ni ile inayoshuka bila kusimama. Na ukiona imeandikwa inawaka saa nyingi, kumbuka kwamba kwa kipimo kile kile saa zinahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya mwanzo. Hesabu yangu mimi ni nyepesi zaidi: 18650 nzuri ya 3500 mAh itakupa saa moja na kidogo ukiwa kwenye lumeni 1,000, na kama saa tano ukiwa kwenye 300. Kufuata njia ya miguu kunataka 50 ao 100 tu, na hapo unapata usiku mzima. Kwa hiyo nunua tochi yenye ngazi nne ao tano, na hakikisha ya chini ni ya chini kweli.

Sasa rangi, maana huenda nayo ilichangia kumpoteza nsya wenu, hata kabla tochi haijazima. Tochi nyingi za sokoni zina mwanga mweupe wa kibuluu, Kelvini 6500 ao zaidi (Kelvini inapima rangi ya mwanga: namba ikipanda, unakuwa wa kibuluu zaidi). Machoni unaonekana mkali, lakini una nyekundu kidogo sana ndani yake, na kitu chekundu kikikosa nyekundu ya kurudisha kinaonekana cheusi ao kahawia. Tone la damu juu ya jani kavu la musuku linakuwa doa kati ya madoa. Na mwezi wa tisa na wa kumi, miombo ikitoa yale majani mapya mekundu kabla ya mvua, ndiyo kabisa. Tafuta LED ya Kelvini 4000 hadi 5000, na kama unaweza, ile inayoonyesha rangi vizuri: kipimo chake kinaitwa CRI, na 90 ni nzuri sana. Utapoteza kidogo ukali, labda sehemu moja ya tano, lakini utaiona damu. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya mita 50 za ziada na rangi ya kweli kwa kazi yenu, ningechukua rangi bila kufikiri mara mbili.

Namna ya kushika tochi nayo inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanamulika kutoka usawa wa kichwa kwenda chini, na hapo majani yote yanakuwa sawa. Ishushe mpaka karibu na goti, imulike kwa ubavu. Damu mbichi ina unyevu. Kwa mwanga wa ubavu inang'aa, na jani lililogeuzwa na kwato linatoa kivuli chake. Tembea kando ya alama, usizikanyage. Kila mnapoona tone la mwisho, fungeni kipande cha kitambaa kwenye kijiti kabla ya kwenda mbele, ili mkipotea mjue pa kurudia. Mwangalie pia chini ya majani ya nyasi, usawa wa tumbo la mnyama, kwa sababu mara nyingi damu inapakwa pale kabla ya kudondoka.

Kioo chekundu. Muuzaji amechukua kitu cha kweli kidogo akakivuta sana. Swala na jamaa zake wana aina mbili za vihisi vya rangi machoni, sisi tuna tatu. Wao ni hodari kwenye buluu na kijani, na nyekundu wanaiona hafifu. Hafifu si sifuri. Ukiwamulika mwanga mwekundu mkali wanaona kitu, na hata wasipoona, upepo utawapelekea harufu yako na kijiti kitavunjika chini ya kiatu. Faida ya kweli ya nyekundu ni kwa macho yako mwenyewe. Jicho la mtu linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe unaivunja kazi hiyo kwa sekunde moja. Nyekundu dhaifu inakuruhusu kufunga viatu, kujaza termosi, kusoma saa kambini bila kupofuka. Kwa kufuata damu usiitumie hata kidogo: chini ya mwanga mwekundu, damu na jani vyote vinarudisha nyekundu, na tone linapotea kabisa mbele ya macho yako. Kwa hiyo kama tochi ina ngazi ndogo nyekundu, vizuri. Kwa kuongeza dola 15 kwa ajili ya kioo, hapana.

Na lile neno la kummulika mnyama usiku asimame. Nitalisema wazi, maana linaweza kumfunga mjomba wako. Ni kweli, wanyama wengi wakipigwa na mwanga mkali wanasimama. Ndiyo sababu njia hiyo inamaliza pori: mtu haoni kama ni jike lenye mimba, haoni umri, mara nyingine haoni hata ni mnyama gani. Mkataba wa Afrika wa kuhifadhi maliasili, uliotiwa sahihi Alger mwaka 1968, unataja kuwinda usiku kati ya njia ambazo nchi zinatakiwa kuzizuia. Hapa kwetu kuna sheria ya uwindaji nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 na sheria ya kuhifadhi maumbile ya asili nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu huwindi, mchana wala usiku, na kibali cha mjomba hakibadilishi kitu huko. Tochi ninayokushauri hapa ni ya kutembea, ya kumfuata mnyama aliyepigwa mchana, ya kuchuna na ya kambi. Ya kutafutia mnyama usiku sikushauri, kwa bei yoyote.

Kuna na sababu ya uhai wa watu. Macho yanayong'aa gizani yanatoka kwenye utando ulio nyuma ya jicho, unaorudisha mwanga. Nsya anao. Mbuzi anao, ng'ombe anao, mbwa wa jirani anao. Nguruwe wa porini hana, na mtu hana. Maana yake, ukipiga macho mawili yanayong'aa unaweza kuua ng'ombe wa mtu, na kwenye giza lisilo na macho yanayong'aa anaweza kuwa amesimama mchoma makaa anayerudi kwake. Kwa sababu hiyo hiyo, msifunge tochi kwenye bunduki na kuitumia kuangalia huku na huku, kwa kuwa kila mnapomulika, mdomo wa bunduki unaangalia hapo hapo.

Umbo la tochi nitalipitia haraka. Bomba la aluminiamu, kichwa cha milimita 30 hadi 40, urefu usiozidi sentimita 15: hiyo inaingia mfuko wa koti. Acha zile za kuvuta kichwa ili kubana mwanga. Zikibanwa, sehemu kubwa ya mwanga inakufa ndani ya bomba, na pale inapotelezea ndipo maji na vumbi vinaingia. Maji: IPX4 inavumilia mvua ya kurushiwa, IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua zetu za mwezi wa kwanza, chukua IPX7 na uhakikishe kizibo cha mpira cha tundu la kuchajia kinakaa vizuri. Swichi iwe inayopatikana kwa kidole bila kutafuta. Ukiwa njiani legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Kwa tochi nyingi nzuri hiyo inakata umeme, na haitawaka yenyewe mfukoni mpaka itoboe koti.

Kati ya aina zilizopo, unaweza kuchagua njia tatu. Ya kwanza ni zile za plastiki zenye plagi ya kukunja nyuma. Ndani yake kuna batri ya risasi ya volti 4, nzito, na ukiiacha mwezi mmoja bila kuchaji inakufa. Ni rahisi, inafaa nyumbani umeme ukikatika, lakini porini siipendekezi. Ya pili ni tochi yenye batri iliyofungiwa ndani isiyotoka. Inaweza kuwa nzuri, ila siku batri ikichoka, tochi yote imechoka, na usiku wa kufuata damu huwezi kubadilisha. Ya tatu ni ile yenye 18650 ao 21700 inayotoka, na tundu la USB-C ubavuni. Hiyo ndiyo yako. Kwa dola 45 kuna za kweli za namna hiyo, na zinabaki dola chache za batri ya pili. Ukiwa na kiasi cha kuongeza baadaye, nunua ya kichwani, ndogo ya lumeni 200 ao 300, kwa sababu kuchuna mnyama na tochi mdomoni ni kazi ya mateso na kisu kinateleza. Ile ya dola 60 yenye kichwa kikubwa ingekuwa nzuri kwa mlinzi wa shamba la wazi. Kwako, iache.

Unapojaribu dukani, chukua kebo mbili: moja ya USB ya kawaida kwenda USB-C, na moja yenye USB-C pande zote mbili. Tochi nyingi za bei ya chini zinakubali ya kwanza na kukataa ya pili, kwa sababu mtengenezaji hakuweka ndani vile vipande vidogo vinavyoiambia chaja itoe umeme. Si kosa la kuifanya uikatae, lakini ujue mapema, usije ukagundua kambini ukiwa na kebo moja isiyokubalika.

Kuhusu solo: usichomeke tochi moja kwa moja kwenye paneli ndogo. Wingu likipita umeme unakatika, na chaja nyingine hazianzi tena zenyewe. Chaji pawabenki mchana, kisha pawabenki ichaji tochi jioni. Pawabenki ya kweli ya 10,000 mAh itajaza 18650 karibu mara mbili, si mara tatu kama hesabu ya haraka inavyoonyesha, maana kila hatua inapoteza kidogo. Kwa umeme wa ampea moja, kujaza kunachukua saa nne hivi. Fanya ukiwa macho, juu ya saruji ao sahani ya bati, si kitandani. Ukirudi nyumbani na huendi porini wiki kadhaa, iache batri nusu, si tupu na si imejaa. Batri ya akiba ikae kwenye kiboksi chake cha plastiki. Ikikutana na funguo ao sarafu mfukoni inaweza kuwaka moto kwenye paja lako. Na usiiache juu ya dashibodi ya gari mchana wa mwezi wa kumi.

Kuna mambo ya kupeleka kwa mtu ana kwa ana, usiyamalize kwa kusoma. Batri ikivimba, plastiki yake ikichanika, ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, ao ikipata moto ikiwa imekaa tu, iweke nje mbali na vitu vya kuungua na umwite fundi wa elektroniki anayezijua lithiamu. Usiitie kwenye moto wala kwenye takataka za nyumbani. Fundi mwenye mita atakuambia pia kama ile ya zamani imeshuka chini ya volti 2.5, hiyo haichajiwi tena, hata kama chaja inaikubali. Na kabla ya safari inayofuata, nenda na mjomba kwenye ofisi ya Mazingira ya jimbo mkiwa na kibali mkononi. Ulizeni tarehe zake, wanyama walioandikwa ndani, mipaka ya mahali mnapokwenda, na kama wewe unayebeba tochi na kumfuata mnyama nawe unatakiwa kuwa na karatasi yako mwenyewe.